Nywila isitoke kichwani mwako

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Msemo huu niliukariri tangu shule ya msingi, lakini sikuuelewa barabara hadi Jumamosi moja asubuhi mamangu aliponipigia simu kutoka mashambani.

"Mtoto anaendeleaje?" akauliza.

"Mtoto yupi, mama?"

"Si huyo wako uliyeniandikia kuwa amelazwa. Zile pesa zilifika?"

Mtoto wangu alikuwa sebuleni akinywa uji. Hakuna aliyekuwa amelazwa. Usiku huo mtu fulani alikuwa ameingia katika akaunti yangu ya mtandao wa kijamii na kuwaandikia jamaa zangu kwa jina langu, picha yangu ikiwa pale juu, akiomba msaada wa dharura. Wengi walishuku. Mamangu hakushuku. Alichukua Sh6,500 alizokuwa ameweka kando za kununua mbolea, akazituma kwa nambari aliyopewa.

Pesa hizo hazikurudi. Hata hivyo, lililonikera zaidi ni kwamba mwizi huyo hakuvunja mlango wowote. Nywila yangu, yaani neno la siri la kufungulia akaunti, ilikuwa jina la kifungua mimba wangu na mwaka aliozaliwa. Jina na mwaka huo vilikuwa vimeandikwa kwa sukari juu ya keki ya kusherehekea siku yake ya kuzaliwa, na picha ya keki hiyo niliiweka mimi mwenyewe kwenye ukurasa uo huo. Ufunguo niliutundika mlangoni kwa mkono wangu.

Habari zilipoenea katika ukoo, mtoto wa kaka yangu, kijana anayesomea kompyuta chuoni, alinijia akiwa na dawa. "Shangazi," aliniambia, "shida ni kwamba nywila umeitoa kichwani. Acha niiambie roboti yetu ikubunie."

ROBOTI YA CHAMA

Huenda msomaji akajiuliza roboti hiyo ni kitu gani. Si mtu wa chuma. Ni programu tu, ambayo hukaa ndani ya kikundi cha simu kama mwanachama mwingine yeyote, ikisoma maagizo na kuyajibu. Vijana huiita "boti", ingawa haina tanga wala nahodha. Ukoo wetu una chama cha kuweka akiba, na wanachama huwasiliana kupitia Telegram, mtandao ambao tangu mwaka wa 2015 umeruhusu watu kutengeneza roboti kama hizi. Ya kwetu ilianza kwa kazi ndogo: kila mwisho wa mwezi hukumbusha nani hajatoa mchango na zamu ya kupokea ni ya nani.

Sasa kijana alitaka kuiongezea kazi ya pili. Mtu akiandika neno "nywila", roboti imrudishie papo hapo mchanganyiko wa herufi na tarakimu uliotungwa kwa nasibu, jinsi tiketi inavyochaguliwa katika bahati nasibu, bila jina la mtoto wala mwaka wa harusi.

Alimaliza kuiandika kwa jioni moja. Kuirekebisha kulimchukua mwezi mzima, na makosa aliyoyagundua njiani yamenifunza mengi kuliko niliyowahi kusikia kuhusu usalama wa simu. Ndiyo sababu nimeona heri niyaandike.

KICHWA CHA BINADAMU

Kwanza tujiulize: kwani kuna ubaya gani mtu akijichagulia nywila mwenyewe?

Nywila za kompyuta zilianza kutumika mapema miaka ya 1960 katika chuo cha MIT nchini Marekani, wakati Fernando Corbató na wenzake walipotengeneza mfumo ambamo watu wengi walishirikiana kutumia kompyuta moja. Kila mmoja alihitaji kufuli yake. Mwaka wa 1979, wataalamu wawili wa maabara ya Bell, Robert Morris na Ken Thompson, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu nywila 3,289 ambazo watu walikuwa wamejichagulia. Waligundua kuwa 2,831, yaani asilimia 86, zilikuwa rahisi kubahatishwa. Baadhi zilikuwa herufi moja au mbili tu, na nyingine zilitoka moja kwa moja kwenye kamusi au orodha za majina.

Je, tumeerevuka tangu wakati huo? Wapi! Mwaka wa 2009 wadukuzi waliiba nywila milioni 32 za wateja wa kampuni ya RockYou ya Marekani, na iliyopendwa kuliko zote ilikuwa 123456.

Sababu si upumbavu. Kichwa cha binadamu kimeumbwa kukumbuka, na hukumbuka kile kinachokipenda: mtoto, mchumba, timu ya kandanda, kijiji, aya ya Biblia. Vitu hivyo ndivyo hivyo hivyo tunavyovitangaza kila siku. Hata tunapojaribu kuwa wajanja, ujanja wetu hufanana. Tunaanza na herufi kubwa, tunabadilisha "o" kuwa sufuri, kisha tunamalizia na nambari moja. Mwizi anaijua mitindo hiyo yote, na kompyuta yake imefunzwa kuijaribu mwanzo.

Chukua mfano wa nambari ya siri ya M-Pesa. Ina tarakimu 4, kwa hivyo kuna michanganyiko 10,000. Lakini ukichagua mwaka wako wa kuzaliwa, umejipunguzia mwenyewe hadi chini ya 100. Anayekufahamu hahitaji hata hiyo mia.

KOSA LA KWANZA: BAHATI ISIYO BAHATI

Roboti ilipokamilika, kijana aliijaribu mbele yangu. Ikatoa herufi na tarakimu 8 zilizochanganyika kama mchele na choroko. Nikapiga makofi. Yeye akakunja uso.

Alikuwa ameenda chuoni kumwonyesha mwalimu wake, na mwalimu akamwuliza swali moja tu: "Bahati hiyo umeitoa wapi?"

Ukweli ni kwamba kompyuta haiwezi kubahatisha kama mtu anayerusha shilingi. Hufuata hesabu. Programu ya kawaida ya nasibu huanza na nambari moja, inayoitwa mbegu, kisha hukokotoa nyingine kutokana nayo. Ukiijua mbegu, unajua mavuno yote. Kijana alikuwa ameichukua mbegu yake kutoka kwenye saa ya kompyuta, akihesabu kwa sekunde. Siku nzima ina sekunde 86,400. Kwa hivyo mtu anayejua ni siku gani nilipoiomba nywila yangu angehitaji majaribio 86,400 pekee, kazi isiyomaliza hata sekunde moja kwenye kompyuta ya leo.

Kosa hili limewahi kuwapata wakubwa. Mwaka wa 1995, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Ian Goldberg na David Wagner, walionyesha kuwa programu maarufu ya Netscape ya kusomea kurasa za intaneti ilipata mbegu yake kutokana na saa na nambari chache za ndani ya kompyuta. Siri zilizodhaniwa kuwa chini ya ulinzi mkali zikawa zinaweza kubahatishwa.

Hata bila kosa la saa, mashine ya nasibu iliyomo katika lugha ya Python ambayo kijana alitumia haikutengenezewa siri. Ilivumbuliwa Japani mwaka wa 1997 kwa ajili ya hesabu na majaribio ya kisayansi. Mtu akishaziona nambari 624 mfululizo zinazotoka humo, anaweza kukokotoa zote zitakazofuata.

Tiba yake ni ipi? Ni kuacha hesabu tupu na kutegemea vurugu za dunia. Mfumo unaoendesha kompyuta au simu hukusanya mambo madogo madogo yasiyotabirika, kama vile vipande vya sekunde kati ya mbofyo mmoja na mwingine, au wakati hasa data inapowasili kutoka mtandaoni. Hivyo huchanganywa na kuzaa nasibu ambayo mtu wa nje hawezi kuikisia. Kampuni ya Cloudflare imeenda mbali zaidi: katika ofisi yake ya San Francisco kuna ukuta wa taa zenye nta inayoyeyuka na kuelea juu na chini, na kamera huzipiga picha ili mizunguko hiyo iongeze vurugu katika siri zake.

Kijana hakuhitaji taa. Tangu mwisho wa mwaka wa 2016, Python imekuwa na sehemu maalum iitwayo secrets, ambayo huchota nasibu kutoka katika mfumo wa kompyuta yenyewe. Alibadilisha mistari miwili.

MANDAZI 256

Kosa jingine lilikuwa la kugawa, na hili kila mama atalielewa.

Kompyuta hutoa nasibu yake kwa mafungu yanayoitwa baiti. Kila baiti ni nambari moja kati ya 0 na 255, yaani uwezekano 256. Herufi kubwa ni 26, ndogo 26, na tarakimu ni 10. Jumla ni 62. Sasa jaribu kugawa mandazi 256 kwa watoto 62. Kila mmoja atapata 4, na yatabaki 8. Ukiwapa hayo 8 watoto wa mbele kila siku, hao watakuwa wananenepa kuliko wenzao.

Ndivyo ilivyokuwa kwa roboti. Herufi 8 za mwanzo zilikuwa zikijitokeza mara nyingi kuliko nyingine, na mwizi mvumilivu hufaidika na upendeleo hata ukiwa mdogo namna gani. Dawa yake ni kuyatupa yale 8 yaliyosalia na kuchota upya. Sehemu niliyoitaja hapo juu hulifanya jambo hilo yenyewe.

Aidha, kijana aliondoa herufi zinazodanganya macho: O na sufuri, l ndogo, I kubwa na tarakimu 1. Zikabaki 57. Kisha akaongeza urefu kutoka 8 hadi 16, na hapo ndipo penye nguvu hasa. Nywila ya herufi ndogo 8 ina michanganyiko bilioni 209 hivi. Yaonekana mingi, lakini mdukuzi aliyeiba faili la nywila na mwenye mashine ya kujaribu bilioni moja kwa sekunde huimaliza kabla ya dakika 4. Kwa alama 16 kati ya 57, jumla ni nambari yenye tarakimu 29, na mashine ile ile ingehitaji mabilioni ya miaka. Si ajabu kwamba taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2017 ilitilia mkazo urefu na kuacha kudai watu wabadilishe nywila kila baada ya miezi michache bila sababu.

KOSA LA PILI: SIRI SOKONI

Jumapili iliyofuata, roboti ikazinduliwa rasmi katika kikundi cha chama. Binamu yangu mmoja akaandika "nywila". Roboti ikamjibu papo hapo, mbele ya watu 31.

Kimya kikatanda. Kisha mjomba akaandika: "Asante, nimeinakili." Tulicheka hadi machozi, lakini kijana hakucheka.

Kumbe si wa kwanza kuaibika hivyo. Mwaka wa 1966, katika mfumo ule ule wa MIT, faili mbili zilibadilishana mahali. Badala ya kuona salamu za siku hiyo, kila aliyeingia kwenye kompyuta alionyeshwa orodha ya nywila za watu wote. Kufuli zilikuwa imara. Aliyezishika ndiye aliyezimwaga.

Tangu siku hiyo roboti yetu hukataa kujibu ndani ya kikundi. Humwelekeza mwombaji aifungulie mazungumzo ya faragha, kwa sababu roboti za Telegram haziwezi kumwandikia mtu faraghani kabla ya yeye kuzianza. Baada ya dakika moja huufuta ujumbe wake.

Hata hapo kulibaki jambo. Kijana, kama mwandishi yeyote mwangalifu wa programu, alikuwa ameiagiza roboti iweke kumbukumbu ya kila inachokifanya, ili ikikwama ajue ilikwamia wapi. Alipoifungua kumbukumbu hiyo, alikuta nywila za ukoo mzima zimepangwa kwa majina na tarehe. Alikuwa na funguo za nyumba zetu zote mfukoni bila kujua. Aliifuta usiku uo huo, akatuomba sote tuzibadilishe.

TUNAIAMINI MNO

Jambo la ajabu ni jinsi tulivyoiamini roboti hiyo. Shangazi yangu mmoja aliiandikia faraghani nywila yake ya zamani na kuiuliza kama ingali nzuri. Mtu ambaye hawezi kumtajia mumewe nambari yake ya siri alimtajia programu.

Udhaifu huu ni wa tangu zamani. Mwaka wa 1966, Joseph Weizenbaum wa MIT alitengeneza ELIZA, programu ya gumzo iliyojifanya mshauri nasaha kwa kurudisha tu maneno ya msemaji kwa namna ya swali. Alishangaa katibu wake, aliyeijua vyema kazi hiyo, alipomwomba atoke chumbani ili aendelee kuzungumza nayo faraghani.

Siku hizi kuna mashine za gumzo zenye ufasaha mkubwa zaidi, kama vile ChatGPT, na wapo wanaoziomba ziwatungie nywila. Tahadhari. Mashine hizo zimefunzwa kuandika kile kinachoelekea zaidi kufuata, na nasibu ni kinyume cha hilo. Nywila itakayotungwa na maneno yake pekee huonekana imechanganyika, lakini huwa na mazoea yake kama ya binadamu. Tena, kwa kawaida mazungumzo hayo hubaki katika kompyuta za wenyewe.

Na hata roboti yetu ndogo haikuepuka swali hili. Mazungumzo na roboti katika Telegram hayafungwi kwa siri kutoka simu hadi simu. Hupitia kompyuta za kampuni, kisha kompyuta ya aliyeitengeneza. Kijana alilifikiria sana jambo hili, halafu akafanya uamuzi uliosadikisha kwamba amekomaa. "Shangazi," aliniambia, "nywila ambayo mtu mwingine amekupa si siri yako peke yako. Hata mtu huyo akiwa mimi."

DADU ZA LUDO

Leo roboti bado hutoa nywila, lakini za vitu vidogo tu, kama vile intaneti ya nyumbani ambayo wageni huitumia. Ukiiambia kuwa unataka ya barua pepe au ya pesa, hukujibu uchukue dadu.

Mbinu ya dadu ilibuniwa mwaka wa 1995 na Mmarekani Arnold Reinhold. Kijana na dada zake waliiga mfano huo wakati wa likizo, wakaokota kamusini maneno 1,296 mafupi ya Kiswahili na kuyapa nambari. Mbona 1,296? Kwa sababu dadu ina nyuso 6, na ukiirusha mara 4 kuna matokeo 1,296, kila moja likiwa na neno lake. Unarusha mara 4, unapata neno. Unarudia hadi upate maneno 6. Ile mashine ya majaribio bilioni moja kwa sekunde ingehitaji takriban miaka 150 kuyamaliza yote. Orodha yenyewe haihitaji kufichwa, kwa kuwa siri imo katika dadu.

Tulimpelekea mamangu orodha hiyo pamoja na dadu ya ludo ya wajukuu. Alikuwa amekataa kabisa zile alama 16. "Hayo ni maandishi ya daktari," alisema. Lakini maneno aliyafurahia. Akairusha dadu mezani mara 24, mjukuu akimsomea, nasi wengine tukatoka nje. Alipotuita alikuwa ameshakiandika kikaratasi chake na kukifungia sandukuni pamoja na hatimiliki ya shamba. Wapo watakaosema ni hatari kuandika nywila. Lakini mwizi wake yuko mtandaoni, na hawezi kufika kwenye sanduku lililo chini ya kitanda cha mwanamke mwenye mbwa wawili.

Kwa walio na simu za kisasa, programu ya kuhifadhi nywila iliyomo humo simuni huweza kubuni nywila tofauti kwa kila akaunti na kuikumbuka kwa niaba yako, na kazi hiyo huifanya mumo humo mkononi mwako. Muhimu ni nywila moja isifungue milango miwili. Aidha, washa ulinzi wa hatua ya pili pale unapopatikana, na kamwe usimtajie mtu nambari yako ya siri, hata akijitambulisha kama mfanyakazi wa kampuni ya simu.

Lakini mamangu alituuliza swali ambalo hakuna roboti iliyolijibu. "Sawa, mlango wangu umefungwa. Je, akiingia tena kwa mlango wa mwingine, akaniambia mtoto ni mgonjwa?"

Tuliirusha dadu mara 4 zaidi. Likatoka neno moja. Neno hilo halijaandikwa kwenye simu ya yeyote wetu, na halitaandikwa. Anayeomba pesa za dharura katika ukoo wetu sharti apigiwe simu na aulizwe neno.

Mwezi uliopita nilimtumia mamangu pesa za mbolea kufidia zile zilizopotea, kisha nikamwandikia kuwa nimekosea hesabu, anirudishie Sh500. Hazikuja. Badala yake simu ikalia.

"Taja neno," akasema, bila hata kunijulia hali.

Nikalitaja, naye akacheka. Dakika mbili baadaye, Sh500 zikaingia.